Rimu ya kung'aa ikigonga ukingo: gharama ipi ni ya lazima?

KWA miaka mingi, mchuuzi wa mazao wa Kasulu au Kibondo aliyenunua gari alikuwa na hofu mbili kubwa kuhusu magurudumu yake: pancha na mashimo. Barabara ya vumbi jekundu ilikuwa inakunja rimu za chuma, na fundi aliinyoosha kwa nyundo, akaipiga brashi ya rangi nyeusi na gari likarudi kubeba maharage. Hakuna aliyepoteza usingizi kwa sababu ya mkwaruzo.

Hali imeanza kubadilika kutokana na mambo mawili yaliyokuja karibu wakati mmoja. La kwanza ni lami. Mradi wa barabara ya Kabingo-Kasulu-Manyovu, wenye urefu wa takriban kilomita 260, ambao Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha zake mwaka 2018, umekuja juu ya kipande cha Kidahwe-Kasulu kilichotangulia kupata lami. Lami inapopita mjini huja na mifereji, vivuko na kingo za zege. La pili ni aina ya magari yenyewe. Noah, Wish, Harrier na mengineyo yaliyotumika Japan yanafika yakiwa yamevaa rimu za alumini, maarufu kama rimu za spoti, na baadhi ni za aina inayong'aa kama kioo, ambazo uso wake umekatwa kwa kisu cha almasi.

Matokeo yake yanaonekana kila panapoegeshwa magari sokoni. Dereva aliyezoea kusimama popote pembeni mwa barabara ya vumbi sasa anakwangua rimu kwenye ukingo wa zege. Rimu iliyokuwa inavutia inabaki na pengo lenye makali, na baada ya masika mawili alama nyeupe zinatambaa chini ya vanishi mithili ya minyoo. Hapo ndipo mwenye gari anapoanza kuulizia bei, na ndipo anapoweza kutumia fedha nyingi kwa jambo la urembo huku akiacha la hatari.

Almasi inafanya nini

Jina hilo linawapotosha wengi. Ndani ya rimu hakuna almasi. Kiwandani, rimu ya alumini hupakwa rangi kwanza, mara nyingi nyeusi au ya kijivu, kisha hufungwa kwenye mashine ya kukereza. Kisu chenye ncha ya almasi hupita juu ya uso wake wakati inazunguka na kuondoa tabaka jembamba sana la rangi na alumini. Sehemu iliyoguswa na kisu hubaki inang'aa, na sehemu za ndani ambazo kisu hakikufika hubaki na rangi yake. Mwisho hupuliziwa vanishi angavu, ambayo mafundi rangi huiita klia.

Ukiitazama kwa karibu chini ya jua, rimu ya aina hiyo ina mistari myembamba ya mviringo kama ya santuri. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kuitambua. Iliyosuguliwa tu kwa mkono haina mistari hiyo kwa mpangilio. Kuna pia wanaouziwa rimu ya chuma iliyofunikwa kifuniko cha plastiki chenye rangi ya fedha. Kipande cha sumaku kinamaliza ubishi huo, kwa kuwa sumaku hunasa kwenye chuma na hainasi kwenye alumini.

Udhaifu wa rimu hii uko kwenye vanishi. Alumini tupu hujilinda yenyewe kiasi kwa utando mwembamba inaoujenga ikikutana na hewa, lakini chini ya vanishi iliyopasuka mambo ni tofauti. Maji huingia kwenye pengo, yanabaki humo, na ulikaji hutembea polepole kati ya chuma na vanishi. Kwa nyanda za juu za Kigoma, ambako mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi karibu Mei, pengo lililopatikana mwanzo wa msimu hupata miezi mingi ya kulowana.

Mizigo ya mkoa huu nayo haisaidii. Gari linalobeba chumvi ya Uvinza na kuacha punje sakafuni linabeba adui mkubwa wa alumini. Mbolea zenye chumvichumvi hufanya vilevile. Kibaya zaidi ni kostiki, ile magadi makali inayotumiwa na watengenezaji wa sabuni ya mawese: ikimwagika na kuchuruzika hadi kwenye rimu, inakula alumini moja kwa moja, wala haisubiri masika. Mchuuzi anayebeba bidhaa hizo anatakiwa kuosha magurudumu kwa maji mengi siku hiyohiyo. Aidha, waosha magari wanaotumia asidi au sabuni kali ya unga ili rimu ing'ae haraka wanaua vanishi, na wanaosugua kwa waya wa chuma wanaiua siku ya kwanza.

Urembo na hatari

Kabla ya kuuliza bei ya matengenezo, gurudumu lililogonga ukingo linatakiwa kukaguliwa kwa mpangilio ambao kwa kawaida hupinduliwa. Watu huanza na mkwaruzo kwa kuwa ndio unaoonekana. Wa kuangaliwa kwanza ni tairi.

Ukingo unapobana ubavu wa tairi dhidi ya rimu, nyuzi za ndani zinaweza kukatika bila raba ya nje kutoboka. Baada ya siku chache ubavu huvimba kama jipu. Tairi hilo halizibwi wala halitibiwi, ni la kutupa. Likiachwa kwenye gari lenye magunia, hupasuka siku ambayo mzigo ni mkubwa na lami ina moto. Hakuna rangi ya rimu inayofaa kuzungumziwa wakati tairi la namna hiyo bado liko barabarani.

Cha pili ni ukingo wa ndani wa rimu, pale midomo ya tairi inapokaa. Magari mengi madogo sasa hutumia tairi zisizo na tyubu, kwa hiyo hewa inazuiwa na mguso kati ya raba na alumini peke yake. Ulikaji ukifika hapo, hewa huvuja taratibu. Mwenye gari hujaza upepo kila Jumatatu akidhani ana pancha isiyoonekana. Gurudumu lenye upepo pungufu hupinda sana linapozunguka, hupata joto, na uzito wa mazao huongeza joto hilo. Kupaka maji ya sabuni kuzunguka mdomo wa tairi kutaonyesha mapovu. Dawa yake ni kuvua tairi, kusugua sehemu hiyo hadi ilainike na kuisafisha, kazi ambayo fundi tairi wa kawaida anaimudu. Kumtia tyubu kama njia ya kukwepa kazi hiyo kunaficha ugonjwa, na kama kuna ufa kunauficha pia.

Ufa ndio wa tatu, na ndio unaostahili muda zaidi. Rimu ya chuma ikigonga kwa nguvu hupinda. Ya alumini inaweza kupinda, lakini pia inaweza kupasuka. Ipo njia ya zamani ya karakana ambayo haihitaji umeme. Sehemu inayoshukiwa husafishwa na kukaushwa, hupakwa mafuta ya taa na kuachwa kwa muda, kisha hufutwa kabisa na kupakwa unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Upande wa ndani wa rimu, usioonekana gari likiwa limesimama, ndio mara nyingi hubeba nyufa.

Rimu yenye ufa kwenye mikono yake au karibu na matundu ya nati haifai tena. Hapo hakuna mjadala wa bei.

Tatizo la moto

Mafundi wa Kasulu na Kibondo wana ujuzi mkubwa wa chuma, na ujuzi huo ndio unaoweza kuwaponza kwenye alumini. Fundi hupasha chuma hadi kiwe chekundu, akajua kimekuwa tayari kunyooshwa. Alumini haimpi ishara hiyo. Alumini safi huyeyuka kwa nyuzi joto 660 hivi, na mchanganyiko unaotumika sana kutengenezea rimu huanza kulainika na kuyeyuka chini ya hapo, wakati wote ikiwa na rangi yake ileile ya fedha. Fundi anayesubiri iwe nyekundu ataiona ikidondoka.

Hata isipodondoka, hasara imeshaingia. Rimu nyingi za alumini zilizosubuwa hupata ugumu wake kiwandani kwa kupashwa, kupozwa ghafla na kupashwa tena kwa joto la wastani kwa saa kadhaa. Moto wa gesi unafuta kazi hiyo pale ulipopita. Rimu inatoka karakana ikiwa ya duara na imelainika, na inapinda tena kwenye shimo la kwanza. Kuchomelea alumini ni kazi inayofanyika, lakini inataka mashine inayotumia gesi ya agoni, usafi mkubwa na fundi aliyejifunza hasa. Inafaa kujazia pengo dogo kwenye ukingo wa nje wa rimu. Haifai kuunganisha mkono uliovunjika.

Rimu iliyokataliwa si takataka kabisa. Ya inchi 15 ina uzito wa kilo 6 hadi 8 hivi, na wayeyushaji wa alumini wanaotengeneza sufuria hununua vyuma vya aina hiyo kwa kilo. Ni vema mwenye nayo aikate au aipasue kwanza, maana rimu yenye ufa ikiuzwa nzima ina tabia ya kupakwa rangi na kurudi sokoni.

Kukata upya au kupaka rangi

Ikiwa tairi ni zima, hewa haivuji na ufa haupo, kilichobaki ni urembo, na hapa ndipo hesabu inapoingia.

Kuirudisha rimu kama ilivyotoka kiwandani kunahitaji kuondoa vanishi na rangi yote, kujazia mapengo, kupaka rangi ya msingi, kuifunga kwenye mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta, kupima umbo la uso wake, kukata tabaka jipya na kupuliza vanishi. Kila ukataji unaondoa sehemu ndogo ya milimita ya alumini, na alumini hiyo hairudi. Ndiyo maana rimu moja inaweza kukatwa mara chache tu, na baadhi ya watengenezaji wa magari hawakubali ikatwe hata mara moja. Mnunuzi wa gari lililotumika hana njia rahisi ya kujua kama huko lilikotoka rimu zake zilishakatwa.

Njia ya pili ni kuachana na mng'ao wa almasi na kupaka rimu yote rangi moja, ya fedha au ya kijivu. Kazi hii inaweza kufanywa na karakana yenye kompresa, bastola ya rangi na mtu mvumilivu. Tairi huvuliwa. Vanishi iliyoinuka huondolewa yote, kwa kuwa rangi mpya juu ya ulikaji wa zamani itabanduka masika yajayo. Mkwaruzo hulainishwa kwa msasa mkali kwanza kisha laini. Mapengo madogo hujazwa puti ya alumini. Hufuata praima inayoshika kwenye alumini, ambayo ndiyo mafundi wengi huiruka ili kupunguza gharama. Kisha rangi na klia. Vumbi la barabarani ndilo adui wa kazi yenyewe, hivyo karakana inayopuliza rangi nje, kando ya njia ya malori, itatoa rimu yenye chenga.

Uso unaogusana na habu, na vikalio vya nati, havipakwi rangi nzito wala puti. Rangi ikikaa hapo husagika gari linapotembea, nati zinabaki zimelegea na gurudumu linaweza kuchomoka.

Hesabu ya mchuuzi wa maharage

Chukua mfano wa mchuuzi wa Kasulu mwenye Noah anayoitumia kukusanya maharage vijijini. Bei zifuatazo ni za mfano tu, za kuonyesha namna ya kupiga hesabu. Kila mmoja aweke zake.

Akipeleka rimu nne Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na kulipa Sh100,000 kwa kila moja, ni Sh400,000. Usafirishaji kwenda na kurudi uwe Sh60,000, kuvua na kuvalisha tairi Sh40,000. Jumla ni Sh500,000. Wengi huishia hapo. Lakini gari limesimama juu ya mawe kwa siku sita, na kama humwingizia Sh40,000 kwa siku baada ya mafuta na dereva, kuna Sh240,000 nyingine. Gharama halisi ni Sh740,000.

Akipaka rangi palepale Kasulu kwa Sh35,000 kila rimu, ni Sh140,000, tairi Sh40,000, na siku mbili za kusimama Sh80,000. Jumla Sh260,000. Tofauti ni Sh480,000.

Maharage yakiwa Sh1,600 kwa kilo, tofauti hiyo inanunua kilo 300, yaani magunia matatu ya kilo 100. Akipata faida ya Sh200 kwa kilo baada ya usafiri, mzunguko mmoja unampa Sh60,000, na akizungusha mtaji huo mara tano katika msimu anapata Sh300,000, huku mtaji wenyewe akiwa bado nao. Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama anaweza kulipia mng'ao, maana huenda anaweza. Ni kama anataka kuulipia wakati wa kununua mazao, au asubiri mwezi ambao fedha imelala.

Hesabu hiyo inageuka kwa wachache. Mwenye gari la kukodisha kwa maharusi anauza mng'ao, na rimu iliyokwanguka inamnyima mteja. Anayetaka kuuza gari naye ana sababu, ingawa kwake kipimo ni kimoja: mnunuzi atapunguza kiasi gani kwa ajili ya rimu hizo? Kama atapunguza Sh200,000, kutumia Sh500,000 kuzirekebisha ni kumpa mnunuzi zawadi.

Ipo pia njia ya tatu ambayo wenye magari ya mizigo wanaifahamu, ya kuweka rimu za spoti ndani na kuvaa za chuma kwa kazi. Ni uamuzi mzuri kwa anayeingia vijijini kila siku. Hata hivyo, rimu hazibadilishwi kama ndala. Probox ina nati nne na Noah tano, na hata idadi ikilingana, umbali kati ya matundu lazima ulingane pia. Jingine ambalo husahaulika ni nati zenyewe. Rimu nyingi za alumini za Toyota zilizotoka kiwandani hutumia nati zenye washa bapa, wakati rimu za chuma hutaka nati zenye kichwa cha mchongoko. Ukifunga rimu ya chuma kwa nati za washa bapa itaonekana imekaza, na haijakaa katikati.

Nafasi kwa karakana za vijana

Kwa wenye karakana, soko hili lipo ila lina mipaka. Mashine ya kukata rimu kwa almasi inataka wateja wengi wa kila siku na umeme usiotetereka, katika wilaya ambazo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2020 zilikuwa zikitegemea majenereta ya dizeli. Kukopa kwa ajili ya mashine hiyo Kasulu leo ni kujitafutia deni. Karakana ya kupaka rimu rangi kwa ubora ni jambo jingine: vifaa vyake vingi vinatumika pia kwa rangi za bodi, pikipiki na mageti, hivyo havilali. VETA na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, ni mahali pa kuanzia kwa kijana anayetaka mafunzo ya rangi, uchomeleaji na utunzaji wa hesabu.

Fundi anayeanza atafanya vema kumweleza mteja wazi kwamba rimu itarudi safi na ya rangi moja, bila mistari ya almasi. Wanaoahidi "kama mpya" kisha wakapuliza rangi ya fedha juu ya sehemu iliyokuwa inang'aa ndio wanaogombana na wateja getini.

Rimu ikisharudi garini, nati hukazwa kwa mpango wa nyota, si kwa kufuata duara, gari likiwa limeshushwa kidogo ili gurudumu lisizunguke. Kwa gari nyingi ndogo za Toyota nguvu ya kukaza ni kama nyutoni-mita 100. Kusimama juu ya spana ndefu kwa uzito wa mwili kunapita kiwango hicho na kunavuta bolti. Baada ya kilomita 50 hadi 100 nati huangaliwa tena, kwa kuwa alumini na rangi mpya hukaa sawa gari likishatembea. Anayetoka Kasulu kwenda Kigoma mjini anaweza kulifanya hilo akifika Kidahwe, rimu zikiwa zimepoa, kabla ya kuingia kwenye kingo za zege za mjini.